Nyumba ya Kuta Mbili

Sogeeni karibu. Aliyekuja hapa na kinyongo chake akishike vizuri, atakihitaji mwishoni.

Huko Makete, ambako mwezi wa saba sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya majani mpaka jua likolee, mjane Roida Sanga alikuwa na watoto watatu wenye mikono ya dhahabu na midomo ya pilipili. Edina, binti yake mkubwa, alijua udongo. Akishindilia ukuta, msumari unapinda. Obadia alichoma tofali zisizojali mvua. Onesmo, kitinda mimba, alikuwa na mashine ya kupasulia mbao, naye hakutupa hata maranda. Tangu msiba wa baba yao walikuwa hawasalimiani.

Mama akaugua kifua, daktari akamkataza moshi. Akawaita wote watatu.

"Nataka nyumba isiyohitaji moto ndani," alisema. "Atakayenipa joto, nyumba ni yake nikifa."

Edina alikaza meno. Wadogo zake walikuwa na nyumba zao. Yeye alikuwa ameachika, na zaidi ya hapo kwa mama hakuwa na pa kwenda.

Akajenga wa kwanza. Alishindilia kuta nene za udongo, akaezeka bati lenye upenu mpana, mikono ikamchubuka. Ndani kukawa na joto, mama akalala. Lakini mvua za upepo zilipoanza, kuta zililowa na baridi ikarudi.

Obadia akaja na tofali zake. "Mwambie dada yetu aliyerudishwa kama mzigo," alimwambia mama, na Edina yuko pale pale, "kwamba ukuta wangu hautagusana na wake." Akaizungushia nyumba yote ukuta wa tofali mpaka chini ya bati, akaacha upenyo wa kiganja katikati. Udongo ukakauka. Lakini upepo uliingia kwa juu, ukazunguka humo kwenye upenyo, na mama akaendelea kutetemeka.

Onesmo akasubiri wenzake waende kanisani. Alipanda na magunia ya maranda makavu aliyochanganya na chokaa na majivu, mchwa wasiyaguse, akaujaza upenyo wote na kuuziba juu. Aliporudi, Edina alimkuta anashuka ngazi. "Umeleta takataka za mashine yako kwenye ukuta wangu," alimwambia. Onesmo akatema mate na kwenda zake.

Sakitu ikaanguka. Mama alilala na blanketi moja, bila moto, mpaka asubuhi, bila kukohoa.

Akaletwa fundi aipime nyumba, aseme joto limetoka kwa nani. Akagonga, akachungulia. "Udongo ndio unaotunza joto," alisema. "Tofali ndizo zinazoukinga na mvua. Maranda ndiyo yanayozuia joto lisitoke. Toeni kimojawapo, bibi atatetemeka tena."

"Basi nazitoa tofali zangu," alisema Obadia.

"Hakuna atakayebomoa," mama alisema. "Nijibuni hili tu, kila mmoja. Nikikupa wewe nyumba, wenzako watalala humu wakija kwenu?"

Edina aliwatazama wadogo zake. Kwa ajili ya mama alitaka kusema ndiyo. Akalikumbuka lile neno la mzigo. "Hapana," alisema, na alichukia jinsi lilivyotoka upesi. Obadia akasema hapana. Onesmo akatikisa kichwa. Mama akageukia ukutani, akajifunika.

Haya, amueni nyinyi. Nyumba apewe Edina, aliyeanza na asiye na pengine? Apewe Obadia, aliyeuokoa udongo na kuacha upenyo? Au Onesmo, ambaye bila yeye mama angekuwa anatetemeka mpaka leo? Kabla hamjajibu, kumbukeni kwamba kama wangependana wangejenga ukuta mmoja, na mama yao angekufa kwa baridi. Je, ungekuwa wewe Roida, ungempa nani?