Panzi Wawili Wasiopatana na Mwale Mmoja

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nani?"

"Na mwalimu asiyeelewa somo lake!"

Ahsanteni, kidato cha tatu, mmesema kweli. Kitabu kinasema mwanga uliipiga atomu ya heli, elektroni zake mbili zikatoka kwa pigo moja. Mimi Mwalimu Mshiu nilisoma nisielewe, nikarudia, nikazidi kupotea. Basi elektroni ziwe panzi, kiini kiwe Kenge, tusonge mbele.

Kenge alikuwa na panzi wawili shimoni mwake, Kidu na Sesa, kitoweo cha jioni. Hakuwafunga kamba. Wakiruka, pyu! Kenge huvuta pumzi, hwuuu! Wanarudi. Pyu! Hwuuu! Wanarudi.

Tena walichukiana. Kidu akikaa huku, Sesa anahamia kule.

"Dada, tutoroke," Kidu akasema.

"Nitoroke na wewe? Afadhali niliwe!"

Kidu akawaza, kisha akaita, "Bwana Kenge, panzi asiyeota jua hana mafuta."

Kenge akameza mate. Akajiambia, "Mwale mmoja humpa nguvu panzi mmoja tu. Huyo akinitoka, pumzi zangu zote zitamvuta aliyebaki. Na hawa hawasaidiani!" Akasogeza jiwe la mlangoni, kidogo tu.

Kidu akasimama pale penye upenyo. "Sesa, una miguu kama miswaki iliyotafunwa!"

"Miguu ya nani?"

Sesa akamjia mbio, wakabanana mlangoni. Mara mwale ukaingia, mwaa! ukampiga Kidu. Kidu akaruka, na katika kuruka akamtandika Sesa teke la miguu yote miwili, paa! Nguvu ya mwale wakagawana. Kidu pyu, kushoto. Sesa pyu, kulia. Kenge hwuuu! Akavuta vumbi tupu, akapaliwa.

"Umenipiga teke, mshenzi wewe!" Sesa akalia kutoka mbali.

"Ndiyo, na u hai!" Kidu akajibu.

Mpaka leo hawasalimiani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu ni ya kitabu, ikiwa chungu ni ya Mshiu.

Funzo lake, andikeni: patana na watu wote. Mimi napatana na kila mtu shuleni hapa, hakuna hata mmoja wa kunipiga teke. Ndiyo maana huu ni mwaka wa kumi na tisa, nami nipo darasa hili hili.