Kwa Nini Aliyeishi Miaka Mingi Husemwa Amekula Chumvi Nyingi

Nilipotumwa Ujiji kumposea mpwa wangu Hamduni, nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi nchini, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kupika melini na katika miji yenye baridi. Koti zuri nilikuwa nalo, na maneno nilidhani ninayo. Mjomba wa binti, Mzee Ruhuza, alitukaribisha mkekani, akatuonyesha bibi mmoja mdogo wa umbo aliyekaa pembeni na ungo wa mchele.

"Mshenga, neno la mwisho hapa analo Bibi Tausi. Amekula chumvi nyingi."

Wiki ile ile daktari alikuwa amenikataza chumvi. Nikamgeukia bibi kwa huruma yangu yote.

"Pole sana, bibi. Na presha wanakupimia wapi?"

Hamduni akainamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Haikuwa mara yangu ya kwanza. Huko Uingereza niliwahi kuambiwa kwamba mzee wa ghalani amepiga ndoo teke, nikakimbilia tambara nikaushe sakafu, kumbe mzee wa watu amefariki. Lakini kule nilijificha nyuma ya ugeni. Hapa lugha ni ya mama yangu, na posa ya mtoto wa watu nilikuwa naiona inatoka mlangoni.

Bibi Tausi aliweka ungo chini. "Maana yake huijui?"

"Naijua, bibi. Ilinidondoka njiani."

"Basi tueleze ilikotoka. Ukishindwa, chukua koti lako na kijana wako mwende zenu."

Ilikotoka sikujua. Lakini nimewahi kulisha mabaharia arobaini kwa viazi sita, kwa hiyo nilianza.

Palikuwa na wakati ambapo maneno hayakuwa na chumba cha ndani. Ukisema jiwe, ni jiwe. Hakuna aliyekata tamaa, maana hakuna aliyejua tamaa hukatwa kwa kisu gani, wala hakuna aliyepiga moyo konde, kwa kuogopea mbavu zake. Na mzee alikuwa mtu mwenye mvi, basi.

Wakati huo, nchi moja ya bara iliishi kwa chemchemi ya maji ya chumvi. Kila kiangazi watu waliyachemsha maji yale katika vyungu vikubwa, na chumvi ya kwanza iligawiwa kila mtu katika kijungu kimoja cha udongo, kidogo kama kiganja cha mtoto. Wengi walivitupa vijungu wakishavimaliza. Mwanamke mmoja, Nyanzobe, hakupenda kutupa kitu. Alivipanga kwa tope, kimoja juu ya kingine, mpaka vikawa ukuta wa jiko lake.

Mwaka mmoja mafuriko yaliifukia chemchemi. Kiangazi kilipofika hapakuwa na cha kuchemsha. Mboga zikawa na ladha ya majani ya kuezekea, ng'ombe wakalamba kuta za nyumba, na wageni waliokuwa wakileta majembe wakapita mbali. Mtemi akatangaza kwamba chumvi isipopatikana kabla ya mvua, watu wote watahama, na makaburi ya wazazi wao watayaacha hapo hapo.

Ilisemekana chemchemi ile ilikuwa na mdomo wa pili, uliofunikwa zamani sana. Aliyeuona lazima awe mzee kuliko wote. Mtemi akamwita mwenye mvi nyingi zaidi, Lugoye, ambaye kwa kweli alizipata akiwa na miaka thelathini, kama baba yake. Lugoye aliona aibu kusema hajui, akanyoosha fimbo. Wakachimba siku tisa, wakapata maji matamu, safi, mazuri ya kunywa, na watu wakalia.

Ndipo Nyanzobe aliposogea, nywele nyeusi, meno kamili. Akasema mdomo ule anaujua.

"Wewe binti wa juzi uliuona lini?" Lugoye akamcheka.

"Siku nilizokuwa nakubeba mgongoni."

Akawaongoza hadi jikoni kwake. Mtemi akaushika ukuta. Kila kiangazi kijungu kimoja. Akahesabu mpaka akachoka, akaketi, akaendelea, akachoka tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, mdomo wenyewe uko wapi.

"Chini ya kiti chako," Nyanzobe akajibu. "Babu yako alijenga baraza juu yake. Tulimwambia."

Mtemi akakwama. Kutamka mbele ya watu kwamba miaka yote ameikalia chumvi yao, na kwamba mwanamke huyu anajua kumzidi yeye na ukoo wake, hakuweza. Kunyamaza nako ni kuhama. Akatoka nje, akitafuta neno ambalo si la uongo wala halimvui nguo.

"Bomoeni baraza," akasema. "Mama huyu amekula chumvi nyingi."

Kwa mara ya kwanza watu wakasikia maneno yakisema jambo moja na kumaanisha jingine, na wote wakaelewa. Baraza likabomolewa. Siku ya tatu maji yakachuruzika, mtoto mmoja akayaonja, akakunja uso, na vigelegele vikapigwa nchi nzima.

Na tangu siku hiyo aliyeishi miaka mingi hapimwi kwa mvi. Husemwa amekula chumvi nyingi. Misemo mingine nayo, ilipoona njia imefunguka, ikafuata, kila mmoja na chumba chake cha ndani, ambamo mtu fulani aliwahi kuificha aibu yake.

Nilifuta jasho. Bibi Tausi alipepeta mchele wake mara mbili, akapuliza makapi.

"Umetia chumvi, mshenga," alisema. "Lakini haijazidi. Mwiteni binti."