Mzimu Mwenye Mkia

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Pakawa kisiwani!

Basi sogezeni vigoda, anayesinzia afinywe, tuanze.

Hapo kale, kale sana, jua liliwaka bara mpaka visima vikakauka. Kanga, yule ndege wa madoadoa, akawaacha vifaranga wake kwa shangazi yao, akabeba kikapu cha mbegu za mtama, akampigia hodi bibi Kasa, akavuka mgongoni mwake kwenda kisiwa cha Chamkale kutafuta shamba. Mbegu zile ndizo za mwisho. Zikipotea, vifaranga wangekula nini?

Pwani akapokewa na Tumbili.

"Karibu, dada Kanga! Hapa kwetu mgeni hapewi shamba kabla hajatembezwa, na mtembezaji ndiye mimi. Kikapuni mna nini?"

"Mbegu, kaka."

"Aa, mbegu!" Tumbili akameza mate. "Twende, dada, twende!"

Kwanza wakaenda Pango la Popo. Lo, pango hilo! Maji yake ya kijani, mwanga unashuka kwa tundu la juu, popo wamening'inia kama nguo zilizoanikwa. Kanga akabaki mdomo wazi.

"Humu mna mzimu," Tumbili akanong'ona. "Mgeni huacha konzi ya mbegu mlangoni, akageuka, asichungulie. Akichungulia, macho yanahamia kisogoni."

Kanga alikuwa ndege mwenye adabu. Hata kwao watu hupeleka ubani pangoni. Akaacha konzi moja, akageuka. Alipotazama tena, mbegu hazipo, na shavu la kushoto la Tumbili limevimba.

"Kaka, una nini?"

"Jino, dada. Linanitesa tangu mvua za vuli."

Kanga akampa pole, wakaendelea.

Wakafika Jiwe la Mwavuli. Mawimbi yamelila chini likabaki na shingo nyembamba, na juu yake yangeyange weupe wamejipanga kama wageni wa harusi. Kule mbali pomboo wanarukaruka.

"Mzimu wa hapa ni mkali zaidi," akasema Tumbili. "Weka konzi mbili."

Kanga akaweka, akageuka. Mara akasikia cheko miguuni pake. Kaa ametoa macho shimoni.

"Dada mgeni, mzimu huyo ana mkia! Juzi alimtembeza Njiwa hivi hivi. Maskini Njiwa aliondoka na kikapu kitupu."

Kanga afanye nini? Apige kelele? Tumbili ana mikono na ana miti. Angekwapua kikapu chote akapanda juu. Kanga akageukia bahari. Akatazama maji. Yalikuwa yamepwa, lakini sasa yameanza kurudi, polepole.

"Kaka, naona jino limehamia na kulia."

"Limezaa," akajibu Tumbili, maneno yakitoka kwa shida.

"Pole sana. Na lile fungu zuri la mchanga mweupe, kule katikati, halina mzimu? Ningempa mbegu zote zilizobaki, anibariki."

Tumbili karibu acheze ngoma. "Linaye! Nkubwa nno!"

Wakatembea mpaka funguni, maji yakiwa chini ya vifundo. Kanga akaweka kikapu kizima, akageuka. Tumbili akajaza kinywa mpaka midomo ikakataa kufunga.

"Sasa kaka," akasema Kanga bila kugeuka, "kwetu sadaka kubwa ina wimbo. Atakayeondoka kabla haujaisha, mzimu humng'oa mkia."

Tumbili akaushika mkia wake. Kanga akaanza, taratibu:

*Mzimu wee, pokea mtama,*
*— Pokea, pokea!*
*Wanangu bara wana njaa,*
*— Pokea, pokea!*

Akamaliza, akarudia. Maji yakafika magotini mwa Tumbili. Akarudia tena. Yakafika kiunoni, naye Kanga anaelea juu yake kama bata.

"Mmm! Mmm!" akalia Tumbili.

"Sikia, mzimu anaitika!" akasema Kanga, akazidi kuimba.

Pwaa! Kasa akaibuka.

"Hodi, bibi Kasa!" Kanga akaita, kikapu kitupu shingoni.

"Karibu, mjukuu wangu." Kanga akapanda.

Tumbili naye akaruka. Kasa akajisogeza, Tumbili akaangukia majini chubwi!

"We! Mgongo huu ndio nyumba yangu. Nani anaingia nyumba ya mtu bila hodi?"

"Mmm!"

"Mmm ndiyo nini? Huna mama wewe?"

Kanga akamsogezea kikapu. "Kaka, labda ukilitema hilo jino."

Wimbi likampiga Tumbili kidevuni. Akatema. Akatema shavu la kushoto, akatema la kulia, akatema na za katikati, mpaka kikapu kikajaa.

"Hodi! Hodi bibi, hodi, hodi!"

"Karibu, mwanangu. Keti huko nyuma, na usiniloweshe."

Mbegu zilikuwa zimelowa mate. Kanga akazipanda pale kisiwani siku ile ile, zikaota upesi kuliko kawaida, akaenda kuwaleta wanawe. Wakala, wakanenepa. Na mpaka leo Tumbili akishajaza mashavu hukimbilia mtini, mbali kabisa na maji.

Basi jueni, ndugu zangu: anayemla mgeni wake, siku ya shida hukosa kinywa cha kuombea msaada.

Ngano yangu imefika pwani, mimi nashuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe nitie sukari.