Ruta ya Sebuleni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba saba na mama mmoja. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma, huko milimani Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa zamu bali hunyesha tu. Kuta alizipandisha kwa tofali mbili mbili, nene, ili baridi isipite. Jina lake Ambakisye. Mama yake aliitwa Sekela.

Msimchukie mapema. Nawaona wengine mmeshakunja nyuso. Ambakisye hakuwa mtoto mbaya. Baba yake alipofariki alikwenda mwenyewe kijijini akamleta mama mjini, akampa chumba cha uani, jirani na jiko, apate joto. Chumba kilikuwa na kitanda kizuri, blanketi mbili na dirisha la kioo. Chakula alipelekewa cha moto. Akiumwa alipelekwa hospitali siku hiyohiyo. Nani kati yenu amefanya zaidi? Haya, basi tulieni.

Mama huyu alikuwa na mtoto mwingine, binti aliyeitwa Tusekile, mdogo wake Ambakisye. Tusekile alikuwa ng'ambo mwaka wa sita, akifanya kazi ya kutunza wazee wa watu wengine. Kila siku, saa kumi alasiri ya huku kwetu, alimpigia mama yake ile simu ya picha inayopita kwenye intaneti, wakaonana uso kwa uso. Hawakuwa na maneno makubwa. Umekula nini, mama. Mguu unaendeleaje. Leo nimemwogesha bibi mmoja, akaniita kwa jina la binti yake, nami nikaitika. Mama Sekela alicheka, kisha akafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Dakika kumi hizo ndizo zilizomlisha. Mengine yote aliyopewa aliyashukuru, lakini hakuishi kwa hayo.

Sasa bando za simu zikawa zinaisha katikati ya neno, na mnara nao ulikuwa upande wa pili wa mlima. Ambakisye alimkuta mama yake siku moja akiitikisa simu kama kibiriti kilicholowa, akaona uchungu. Akasema, nyumba hii tutaingiza intaneti, kila mtu apate. Alisema hivyo kweli. Mama alifurahi mno, siku hiyo akasonga ugali wa watu wote, yeye mwenye mguu mbovu.

Akaitwa fundi, jina lake Asifiwe, mtu mpole asiye na haraka. Alikuja na aina mbili za ruta, yaani kile kifaa kinachoigawa intaneti bila waya nyumba nzima. Aina ya kwanza ilikuwa moja kubwa, nyeusi, ina antena nane zimesimama wima na taa za buluu. Kweli ilipendeza. Aina ya pili ilikuwa vifaa vitatu vidogo vyeupe, havina sura yoyote, ukiviona mezani utadhani sahani za chumvi. Kimoja hukaa mbele, kimoja koridoni, kimoja nyuma, na kila kimoja humpokea mwenzake na kupeleka mbele alichopewa. Bei zilikaribiana, kwa hiyo mfuko tusiusingizie.

Asifiwe aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Akamwambia Ambakisye kwamba ukuta wa namna ile hauhesabu antena, mawimbi yakivuka kuta tatu za tofali mbili mbili huwa yamechoka. Kisha akasema: "Nitajie mtu anayekaa mbali zaidi na hapa. Tuanze kupima kwake. Tukimfikia huyo, wengine wote wamefikiwa."

Ambakisye akajibu: "Kule nyuma hakuna mtu. Ni mama tu."

Ndugu zangu, alilisema bila ubaya wowote. Si ndivyo tunavyosema? Mgeni akiuliza nyumbani kuna nani, tunajibu hakuna mtu, nipo mimi na watoto tu. Ulimi umezoea, na moyo ulishazoea kabla ya ulimi. Mama Sekela wakati huo alikuwa koridoni na birika la chai ya fundi. Alisikia. Akaingia, akamimina chai, akasema, karibu baba, chai ni ya moto.

Ikachaguliwa ile kubwa. Sebule ya Ambakisye ilikuwa na sifa mjini. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, na vikao vilikaa kwake kwa sababu viti vilitosha. Alitaka mgeni akiinua macho aone kitu. Mkewe akaona si vizuri kifaa cha thamani kikae wazi, watoto wa wageni watakichokoa. Wakakiweka ndani ya kabati la vyombo, lile la milango ya kioo na kioo kingine cha kujitazamia kwa nyuma, pamoja na vikombe vya harusi ambavyo tangu harusi havijanywewa. Wakakifunika kitambaa cha kufuma. Wakafunga kwa ufunguo. Asifiwe alisema kioo cha nyuma kitayarudisha mawimbi yalikotoka, na kwamba kifaa hiki kinatakiwa kukaa katikati ya nyumba, wazi. Mke wa Ambakisye akacheka, "Fundi, wewe kazi yako waya, mapambo niachie mimi." Asifiwe akakunja nyaya zake akaenda. Laiti angebishana!

Ambakisye akaketi kwenye kiti chake, akafungua simu, ikashika mistari yote. Akasema nyumba nzima sasa iko hewani. Alipimia alipokaa, akatoa hukumu ya nyumba nzima.

Wageni wakasifu. Neno la siri liliandikwa kwa mwandiko mzuri, likatiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, ili mgeni asipate taabu ya kuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Ambakisye wageni walikuja, tena wengi, lakini mwenyeji wa uani hakupona.

Kule nyuma kiduara kilizunguka tu kwenye simu, kikizunguka hakifiki. Mama Sekela alijaribu kitandani, akajaribu mlangoni, akasimama juu ya ndoo. Baadaye akagundua kwamba nje ya dirisha la sebule, chini ya upenu wa kibaraza, mtandao ulikuwa ukivuja kidogo. Basi kila siku ikikaribia saa kumi alijifunga kitenge kichwani, akabeba kigoda chake, akazunguka nyumba kwa nje, akaketi pale. Mvua ilimpiga miguu. Ambakisye akirudi kazini alimkuta, akamwambia, "Mama, jamani, mvua yote hii, ingia ndani." Naye alijibu, "Naitazama tu, baba." Jibu hilo lilikuwa rahisi, na Ambakisye alilipokea kwa sababu lilikuwa rahisi.

Mtaniuliza, kwa nini asiseme? Ninyi hamjui mama zenu. Mama wa kizazi kile akikaa kwa mwanawe hujihesabu mgeni, na mgeni haombi kuhamishiwa kabati. Kisha alikuwa amesikia alichosikia siku ya chai. Mtu aliyeambiwa hayupo, atalalamikaje?

Ikafika mwezi ambao Tusekile aliumwa tumbo. Mwanzo alisema ni uchovu. Halafu akasema wamemlaza. Halafu siku moja akamwambia mama yake, pale chini ya upenu, kwamba kesho watampasua, na kwamba watamwingiza baada ya saa kumi ya huku. "Mama, nitakupigia kabla hawajanichukua, uniombee. Nikikusikia sitaogopa." Mama akasema, piga mwanangu, nitakuwa hapahapa, na siku hiyo kigoda chake akakiacha palepale. Ambakisye aliambiwa pia kwa ujumbe. Alijibu: pole sana dada, Mungu ni mwema, tutaongea.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha kamati. Tulikuwa watu wengi kuliko kawaida, maana siku hiyo paa lilikuwa linaamuliwa, kama ni bati la rangi au la kawaida. Nimesema tulikuwa. Ndiyo. Na mimi ninayewafundisha leo nilikuwamo. Viti vya ndani vilijaa, tuliochelewa tukapangwa kibarazani. Chini ya dirisha nilikuta kigoda kizuri, kimeanza kulowa upande mmoja. Nikakifuta, nikakikalia. Mtandao pale ulitosha, nikamtumia mwanangu picha ya kikao.

Ilipokaribia saa kumi alitokea bibi kizee kwenye kona ya nyumba, kitenge kichwani, simu mkononi. Alituona wazee wa kanisa tumejaa pale. Alipiga goti kidogo akatuamkia sisi, sisi ambao wengine ni wadogo kwake, akasema, karibuni baba zangu. Nikampungia mkono. Alisimama kidogo mvuani akiutazama ule upenu. Nilidhani anatazama kama tumepata chai. Kisha akarudi nyuma alikotoka, akichechemea.

Tusekile alimpigia kaka yake kwanza. Ambakisye alikuwa amesimama anaeleza habari ya bati. Aliiona simu ikiwaka, akaandika kwa kidole kimoja: niko kikaoni, nitakupigia. Ujumbe huo ulifika mara moja, maana sebuleni mtandao haukuwa na kasoro. Ndipo Tusekile akaanza kumpigia mama. Mama Sekela alikuwa uani, kwenye matope, akiinyanyua simu juu, akiishusha, akiielekeza migombani, akimwita mwanawe kwa sauti kana kwamba angesikia. Mke wa Ambakisye alimwona kutoka jikoni, akadhani anaita kuku.

Tulimaliza kikao jioni. Tuliamua bati la rangi.

Asubuhi habari zilimfikia Ambakisye kwenye kiti chake, mistari yote ikiwa imejaa. Tusekile hakuamka. Walisema moyo ulishindwa. Alizikwa kulekule, kwa wale wazee wa watu wengine, hatukuuona uso wake.

Msiba ulikaa sebuleni. Viti vilitolewa, mikeka ikatandikwa, na mama mfiwa akaletwa kutoka uani, akaketishwa ukutani, mbele ya kabati. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa humo tangu fundi alipoondoka. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa kwanza, pametulia. Mara simu iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake ikaanza kulia. Ikalia tena. Ikalia tena na tena, yote iliyonyimwa kule nyuma ikaingia kwa mkupuo. Simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa, na ujumbe mmoja wa sauti. Kina mama wakamtazama, yeye akaifungua, akampa Ambakisye, "Izime, baba, inasumbua watu." Ambakisye akabonyeza, akabonyeza pasipo pake, na sauti ya Tusekile ikatoka, tukaisikia wote tuliokuwa mikekani:

"Mama, uko wapi? Wamekuja kunichukua. Nitaje hata jina tu... Haya mama. Labda mtandao."

Sijawahi kusikia mwanamume akilia vile, na mimi nimezika wengi. Alipasua kioo cha kabati kwa ngumi, vikombe vya harusi vikamwagika, damu ikachafua kile kitambaa. Mama yake ndiye aliyemfunga mkono kwa kanga yake. Mimi nilitoka nje. Nilikuta kile kigoda bado kiko kibarazani, nikashindwa kukipita.

Ambakisye alimrudisha Asifiwe wiki iliyofuata. Safari hii hakubishana na neno hata moja. Vile vifaa vitatu vidogo viliwekwa, kimoja mbele, kimoja koridoni, cha tatu juu ya kitanda cha Mama Sekela. Ile fremu ya neno la siri akaiteremsha, akaipeleka yeye mwenyewe uani. Akapiga magoti, akaiweka simu kwenye mapaja ya mama yake, akamwonyesha mistari yote imejaa. Nilikuwapo, maana nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha wangu na sikujua nianzie wapi.

"Mama," akasema Ambakisye, "sasa inashika mpaka huku."

Mama Sekela aliichukua simu. Alifuta kioo chake kwa pindo la kanga. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ahsante, baba," akasema. "Sasa nimpigie nani?"