Wimbo Uliolalia Kushoto

Ipo methali isemayo: mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Maana yake ni kwamba mtu unayemnyooshea kidole kwa ubaya fulani huenda hana hatia hata chembe, na ubaya wenyewe ukawa na mwenyewe mwingine. Watu huisikia methali hii, wakatikisa vichwa kuikubali, kisha wakatoka nje kwenda kuwashuku jirani zao. Fundi mmoja wa studio ya muziki alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo.

Fundi huyo alipachikwa jina la Mizani kwa sababu ya kazi yake. Alichanganya sauti za nyimbo zilizorekodiwa na kuipa kila moja mahali pake: gitaa kushoto, kinanda kulia, mwimbaji katikati kabisa, ili msikilizaji akivaa hedifoni ahisi bendi nzima imekaa mbele yake. Mafundi wengine walizipanga kwa kutazama namba kwenye kompyuta. Mizani aliwacheka. Yeye alifumba macho, akashika kitufe cha kuzungusha, akakizungusha taratibu mpaka sauti itulie. "Muziki hautazamwi," alizoea kusema.

Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeitwa Kimya kwa uchache wa maneno. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa sponji, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake. Waliishi kama chanda na pete hadi ilipokuja kazi ya nyimbo kumi na mbili. Kiongozi wa bendi, mwanamke aliyejulikana kama Mama Bendi, alisema wazi kwamba wimbo mmoja ukiharibika angezichukua zote na kuzipeleka kwingine. Bila kazi hiyo studio isingemaliza mwaka.

Asubuhi moja Mizani alifungua wimbo alioumaliza jana yake, na moyo ukamlipuka. Mwimbaji alikuwa amesogea. Jana alimwacha katikati. Leo alikuwa amelalia kushoto kama mlevi kwenye ukuta. Akamrudisha katikati. Kesho yake, mambo yale yale. Nani mwingine ana ufunguo? Na kwa nini shemeji siku hizi anamtangulia hata mwenye duka la rangi?

Siku ya tatu naye akawahi. Alipanda ngazi kwa kunyata, akachungulia. Kimya alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, mkono kwenye kitufe kile kile. Alipoona kivuli mlangoni, aliinuka upesi.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nafuta vumbi."

Kitambaa hakuwa nacho.

Tangu hapo kila alichofanya Kimya kikawa ushahidi. Akiongea na simu kwenye ngazi, anapanga njama. Akicheka, anamcheka yeye. Asipocheka, ana lake jambo. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mizani alimwambia mkewe. "Ndugu yako ananiharibia makusudi ili studio iwe yake."

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Umemuuliza?"

"Mwizi huulizwa?"

"Mwizi wa nini, baba watoto? Kuna kilichopotea?"

Mizani akachukua ufunguo wake, akatoka. Hofu ilikuwa imemkaba kwelikweli: miaka kumi ya jasho iende na maji kwa mkono wa mtu anayekula naye sahani moja? Akabadili neno la siri la kompyuta bila kumwambia mtu. Akaushughulikia wimbo wa tano peke yake, macho yamefumbwa, akautuma kwa Mama Bendi mchana huo huo.

Kesho yake Mama Bendi akaja, hata hodi hakupiga.

"Mizani, mwimbaji wangu umemtupa kulia. Tumesikiliza kwenye gari, kwenye redio, kwenye simu, ni kulia tu. Ama unaniambia kuna nini, ama nabeba nyimbo zangu."

"Kulia?" Mizani akamgeukia Kimya aliyekuwa amekaa pembeni. "Umeingiaje safari hii? Sema mbele ya mteja. Umekula kwangu, umelala kwangu, kumbe unanichimba. Weka ufunguo hapo, utoke."

Kimya akauweka ufunguo mezani, lakini hakutoka.

"Nifanyie jambo moja tu, shemeji. Fungua wimbo wa nne. Niliushika kabla hujanifungia, na wewe hujaugusa tena."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri. Unausikiaje?"

Mizani akavaa hedifoni. "Umelalia kushoto, kama ulivyotaka."

"Sasa zigeuze, ya kulia uivae kushoto. Kama wimbo ndio uliolala, utahamia upande wa pili."

Mizani akazigeuza kwa hasira. Mwimbaji hakuhama. Akazigeuza tena, na tena. Mwimbaji yuko kushoto tu. Akazivua, akasugua vidole karibu na sikio la kushoto, akasikia vizuri. Akasugua karibu na la kulia, akasikia kwa mbali sana. Kumbe wimbo ulikuwa katikati muda wote. Sikio la kulia lilikuwa linakufa, naye alikuwa akiisukuma kila sauti upande huo ili lipate kuisikia.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Miezi saba. Kazi nyingine nilizirudisha katikati siku ya kuzituma, na hukuzisikiliza tena. Hizi za bendi unazirudia kila asubuhi." Kimya alitazama chini. "Nilishindwa nianzie wapi kukuambia."

Mizani alilia mbele ya mteja wake, na aibu ilimuuma kuliko ule uziwi. Mama Bendi akasema polepole, "Pole, fundi. Lakini nyimbo zangu ataziweka sawa nani?"

Mizani akainuka, akamvutia shemeji yake kiti.

"Huyu," alisema. "Ndiye aliyekuwa akiziweka."

Aliyemdhania mbomoaji ndiye aliyekuwa akiishikilia nyumba isianguke, na mharibifu alikuwa amembeba mwenyewe kichwani. Hakika, mdhaniwa ndiye, kumbe siye.