Jina Jekundu

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, watu wakiwa wameshaanza kukumbushwa mambo yao na mashine, zahanati ya Kwamkoga ilikuwa na kompyuta moja. Ndani yake, majina ya wagonjwa wote wa kijiji.

Mwanahawa alikuwa na binti mmoja, Siwatu. Akiwa na miaka minne alidungwa penisilini, akavimba uso hadi macho yakapotea. Alipona kwa kudra tu. Muuguzi, Bi Tabu, akalitia jina la mtoto rangi nyekundu kwenye kompyuta. Maneno hakuandika. Kwao kifo hakiandikwi ubavuni mwa jina la mtoto, ukikiandika, umekiita.

"Nyekundu hii hapa kila mtu anaijua," akamwambia Mwanahawa. "Nenda kalale, shoga. Mashine haisahau."

Mwanahawa akaenda akalala. Alilala miaka mitano.

Kompyuta ikazeeka. Mfumo wake ukatupwa na wenyewe waliouunda, virusi vikaingia kama mchwa. Akaitwa fundi Kombo. Akaufuta mfumo wa zamani, akatia mwingine, wa bure. Programu ya majina ikakataa kuingia humo. Kombo akatafuta mbadala wake. Mbadala nao ukalikataa faili la majina. Basi Kombo akalivua faili mapambo yote, likabaki maandishi matupu, likafunguka. Akahesabu: majina mia tisa na kumi na mawili yalitoka, mia tisa na kumi na mawili yakafika. Yote meusi. Bi Tabu hakuwapo, alikuwa kwao anamuuguza dada yake.

Wiki ile ile Siwatu akashikwa na homa, kifua kinakoroma. Mwanahawa akambeba mbio.

"Dakta, mmetazama kwenye mashine?"

Daktari Msami akatazama. "Nimetazama, mama. Jina lake halina doa."

Halina doa! Sindano ya penisilini ikaingia. Adhuhuri haijafika, mtoto ni maiti.

Siku ya kuanua matanga, mila ya pale ilikuwa hivi: mfiwa hushika kikombe cha maji, akataja jina moja la asiyemsamehe, akamwaga maji mlangoni. Waliobaki wamesamehewa. Aliyetajwa hazikwi na mtu, akifa, ajifukie.

Daktari akaanza. "Nilitazama palipotakiwa kutazamwa. Mtoto anakata roho, mlitaka nimwimbie?"

Kombo akadakia. "Bila mimi mngebaki na kichuguu. Halikupotea jina hata moja! Nani aliniambia rangi ni ugonjwa? Nilidhani urembo, kama wanja."

"Mimi niliacha nyekundu," akasema Bi Tabu, "nimerudi nakuta nyeusi. Mkono uliofuta si wangu."

"Ungeandika, mwanamke! Neno moja!"

"Nimwandikie mtoto wa mwenzangu kifo? Wewe Kombo, umezaa?"

 Kombo hakuzaa.

Daktari akainama kwa Mwanahawa, sauti chini. "Na wewe, mama, ulijua. Mbona uliniuliza habari za mashine, hukuniambia mimi?"

  Tangu mazikoni Mwanahawa alikuwa analikimbia swali hilo, nalo limekuja kukaa naye mkekani. Miaka mitano neno lile lilikuwa lake, akaliweka kwa mashine, akasahau njia ya kulitoa kinywani. Akatazama kikombeni. Ndani ya maji mlikuwa na uso mmoja tu.

Akasimama, akaenda mlangoni, akafungua kinywa.

Sasa nyie mnaotafuna karanga za watu, msijibu "wote". Kikombe ni kimoja, na jina ni moja. Je, Mwanahawa amtaje nani?