Bi Sange na Trekta la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa mlima. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Ukichimba kidogo tu, minyoo hao! Wanajikunjakunja!

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kiboko, akaleta trekta. Jamani, trekta! Magurudumu yake yalikuwa makubwa kuliko nyumba ya Kobe. Likipita, ngruuu! ngruuu! vyungu vinacheza jikoni.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kila shamba litalimwa na trekta langu. Majani yote yachomwe. Sitaki uchafu!"

Dereva alikuwa Nyati, mwenye shingo nene na maneno machache. Akapita mashamba yote, kwenda na kurudi, masika na vuli. Udongo ukashindiliwa, ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yanateleza na kwenda zake mtoni. Mahindi yakaota manjano, yakasinyaa.

Wa kwanza kukasirika alikuwa Bi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo kama panya, ana pua ndefu iliyochongoka na miguu myepesi ajabu. Ukisema "yule pale," keshafika kwingine.

Asubuhi moja alimkuta jirani yake, Mama Kanga, anapiga ardhi kwa muo, kijiti chake cha kuchimbia. Kwa! Kwa! Muo haukuingia.

"Watoto wamelala na uji mtupu, shoga yangu," akasema Mama Kanga, "na hata huo uji leo umekwisha."

Bi Sange akawatazama wale vifaranga, shingo zimekonda kama nyuzi. Moyo ukamchemka. Hii si mvua iliyokosekana! Mvua imekuja, imefukuzwa mlangoni!

Yeye shamba lake alilikatalia trekta. Alilifunika kwa matandazo ya majani makavu, akapanda kunde katikati ya mahindi. Lilikuwa shamba dogo, lakini kijani chake kilionekana kutoka mbali. Na Mzee Kiboko alikuwa na macho.

"Nini hiki?" akaunguruma, amesimama mpakani na Nyati nyuma yake. "Majani yametapakaa kila mahali! Shamba chafu!"

"Shikamoo, Mzee," akasema Bi Sange, maana adabu ni adabu hata ukiwa na hasira. "Hayo majani ni nguo ya ardhi. Bila nguo, jua linaiunguza."

"Marahaba. Ardhi inavaa nguo? Ha! Nyati, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Na inapumua pia," akasema Bi Sange, pua inamtetemeka kwa hasira. "Trekta lako limeikalia kifuani. Nenda kwa Mama Kanga ukaone watoto wanavyolala na njaa!"

"Mama Kanga ni mvivu tu! Na mimi nifundishwe na mtu ninayeweza kumkalia bila kujua?" Kiboko akapanua kinywa chake. "Kesho trekta linapita hapa. Amri ni amri!"

Bi Sange akataka kupiga kelele. Lakini kelele za sange zingemfanya nini kiboko? Akatazama mteremkoni.

Upande wa juu wa mlima, nyuma ya nyumba ya Kiboko, palikuwa na uwanda wa nyasi na vichaka. Kiboko hakuwahi kupalima, kwa sababu alipenda kupunga upepo hapo. Mvua zote za mlimani zilikuwa zikiishia katika nyasi zile, zikanywewa polepole. Kiboko mwenyewe hakujua.

Ghafla Bi Sange akaanguka magotini.

"Basi, Mzee wangu! Pita kwenye shamba langu, livuruge utakavyo! Ila nakuomba, nakusihi, usiguse zile nyasi zilizo juu ya nyumba yako!"

Kiboko akasimamisha masikio. "Kwa nini?"

"Aa! Nimeropoka. Sahau, Mzee."

"Sema!"

"Minyoo na wadudu wote waliobaki wamekimbilia kule. Ndiko ninakokula. Ukipashindilia, sina budi kuhama kijiji hiki. Nyati, ndugu yangu, wewe ni shahidi, namwomba asiguse!"

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Kumbe! Nyati, washa trekta! Hilo shamba lake liache kwanza. Atahama mwenyewe kwa njaa!"

Ngruuu! Ngruuu! Nyasi zikang'olewa, vichaka vikapondwa. Trekta likaenda na kurudi mpaka pakang'aa.

"Tena!" Kiboko akaamuru. "Pasibaki hata pa kuingiza pua ya sange!"

Bi Sange alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, analia kwa sauti ili wamsikie. Lakini alipoona mizizi imelala chali juani, machozi yakawa ya kweli. Ardhi ile haikumkosea mtu. Akaiomba radhi.

Kazi ilipokwisha, Nyati akaegesha trekta uani kwa Kiboko. Bi Sange akakimbia nyumba hadi nyumba za bondeni: "Hamisheni watoto, mvua inakuja!"

Mchana wa siku ya pili mawingu yakajikusanya. Radi, kwaa! Mvua, shwaaa!

Maji yakashuka mlimani, yakatafuta nyasi za kuyapokea. Hakuna! Yakateleza juu ya ile sakafu, yakapata mbio, yakavamia ua wa Kiboko. Puu! ukuta wa ghala. Mahindi yote aliyojiwekea yakatoka yanaelea. Kiboko anajua kuogelea, watoto wangu, lakini mahindi hayajui! Na trekta? Uzito wake wenyewe ukalizamisha kwenye tope, likainama, likaporomoka korongoni. Gubu!

Mvua ilipokatika, Kiboko alitoka mbio, tope hadi masikioni. "Sange mchawi! Amenidanganya!"

"Nilikudanganya nini?" Bi Sange akamjibu mbele ya kijiji kizima. "Nilikuomba usiguse! Nilipiga magoti!"

"Ni kweli, Mzee," akasema Nyati kwa sauti nzito. "Alikuomba. Nilikuwepo."

Watu wakaangua kicheko. Bi Sange hakucheka.

"Njoo shambani kwangu," akasema. "Limenywa mvua yote, hakuna hata punje ya udongo iliyoondoka. Lako limekataa kunywa. Nani aliliziba kinywa? Leo umepoteza ghala siku moja tu, umepiga yowe. Mama Kanga amepoteza ghala lake msimu baada ya msimu, nawe ukamwita mvivu!"

Kiboko akainamisha kichwa.

Amri ikafutwa siku hiyohiyo. Chuma cha trekta kikaopolewa korongoni, kikafuliwa vijembe vyembamba ambavyo Punda aliweza kuvivuta, vinachana mstari wa kupandia tu na kuacha udongo mwingine umelala. Kiboko akapanda nyasi upya kwa mikono yake, na hata Mama Kanga akaenda kumsimamia.

Hadithi imefika ukingoni, na neno lake ni hili: anayeikanyaga ardhi hadi ikose pumzi, njaa itamkanyaga yeye.